Nilikubali oda ya bwawa la kijani bila kujua kitu: jinsi lilivyosafika, na hela iliyonipotea njiani

Leo siongelei kupiga picha za bidhaa wala muda mzuri wa kuposti. Naongelea bwawa la kuogelea lililogeuka kijani, na kilo 2 za klorini nilizomwaga bure saa saba mchana huku najiona mtaalamu.

Najua wengi wenu hamuuzi mambo ya mabwawa. Hata mimi sikuwa nauza. Soma hadi mwisho, kuna hesabu yako humu.

Nina duka dogo la vifaa vya usafi Tegeta, Dar es Salaam. Mifagio, ndoo, mopa, sabuni za maji, dawa za choo. Wateja wengi nawapata mtandaoni. Shule niliishia kidato cha nne, na kemia ndiyo iliyonipeleka puta kuliko masomo yote. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa kuuliza, kusoma na kuharibu.

Siku moja akanipigia mama mmoja wa Mbezi Beach, mteja wangu wa mopa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi wewe si unauza dawa za usafi? Una dawa ya bwawa?"

Nikasema ninayo. Sikuwa nayo.

"Na kusafisha je, mnasafisha?"

"Tunasafisha mama." Hiyo "tuna" yote ni mimi peke yangu na ndoo yangu.

Binti yake alikuwa na sendofu, na ilipangwa ifanyike hapo hapo nyumbani, uani, baada ya siku 14. Bwawa lilikuwa halijaguswa karibu mwaka mzima tangu wapangaji wahame. Tukakubaliana 300,000. Akatuma kianzio 150,000 pale pale. Jioni hiyo hiyo 60,000 nikailipia mzigo wa ndoo. Yaani kazi sijaianza, sijaliona hata bwawa lenyewe, na hela ya mtu imeshaingia kwenye ndoo.

Kesho yake nikaenda. Aisee! Maji kijani kizito kama mlenda. Ngazi ya kwanza unaiona, ya pili huioni. Majani ya mwembe yamejaa juu, vyura wanaruka, na harufu ya matope. Nikarudi Kariakoo, nikapimiwa klorini ya unga kilo 2, nikaimwaga yote sehemu moja mchana wa jua kali, nikakaa kusubiri. Asubuhi yake maji yalikuwa kijani vile vile.

Nilikosa usingizi. Rafiki yangu akaniunganisha na mjomba wake, mzee aliyehudumia mabwawa ya hoteli miaka mingi. Nikamsimulia yote. Akaniuliza swali moja.

"Umepima nini?"

"Sijapima kitu, mzee."

"Sasa hiyo dawa umemwaga kutibu nini?"

Sikuwa na jibu. Kuanzia pale nikaanza upya, na haya ndiyo niliyoyafanya.

KWANZA, UJUE UNAPAMBANA NA NINI

Ule ukijani ni mwani, vimea vidogo sana vinavyoelea majini na vingine kujishika ukutani vikaleta utelezi. Vinaishi kwa jua na kwa uchafu: majani yanayooza, vumbi, mbolea inayoingia na maji ya mvua. Klorini ikiwepo majini vinakufa kabla havijaongezeka. Klorini ikiisha kabisa, kwa joto letu la Dar, siku chache tu maji yanaanza kubadilika rangi.

Tatizo haliishii kwenye rangi. Maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu, na Dar dengi tumeiona mwaka 2014 na tena 2019. Na bwawa ambalo huoni chini ni hatari kuliko yote. Mtoto akizama humo, mtu anaweza kusimama ukingoni na asimwone. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote nilimwomba mama afunge geti la uani, na mimi mwenyewe nisiyejua kuogelea nikajiwekea sheria: kazi yote naifanya nikiwa nje ya maji, kwa mpini mrefu, na mtu wa pili yupo karibu.

PIMA UKUBWA WA BWAWA

Hapa hauhitaji fundi. Chukua futi kamba. Urefu mara upana mara kina cha wastani, vyote kwa mita. La mama lilikuwa mita 8 kwa 4. Upande mfupi kina mita 1, upande mrefu mita 1.8. Ukijumlisha ukagawa kwa 2 unapata wastani wa mita 1.4. Basi 8 × 4 × 1.4 ni mita za ujazo 44.8, na kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Nikachukua lita 45,000.

Bila namba hiyo, kila dawa unayonunua ni kubahatisha.

TOA MAJANI, FUFUA PAMPU

Klorini haichagui. Ukiimwaga kwenye bwawa lenye majani, inaishia kupambana na majani. Kilo zangu 2 za kwanza zilikufa hivyo. Tukatoa majani kwa wavu siku nzima, mimi na kijana mmoja niliyemlipa, hadi wavu ukawa unatoka mtupu.

Pampu ikawashwa, inanguruma lakini haizunguki. Fundi alikuta kapasita imekufa. Kifaa kidogo, mama akalipia. Kama pampu haifanyi kazi usianze kumwaga dawa, kwa sababu pampu ndiyo inayozungusha maji hadi dawa ifike kila kona, na filta ndiyo inayokamata mwani uliokufa.

Filta yetu ilikuwa ya mchanga. Ina geji ya presha juu yake. Andika namba inayosoma filta ikiwa safi. Ikipanda kwa psi 8 hadi 10 juu ya hapo, maana yake imejaa, zima pampu, geuza mkono, washa uioshe kwa maji yanayorudi nyuma. Siku mbili za kwanza niliiosha hata mara tatu kwa siku.

Kuna watu watakushauri umwage maji yote uanze na mapya. Usikimbilie huko. Maeneo ya pwani maji ya ardhini yako karibu, hasa msimu wa mvua, na bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini likapasuka au kunyanyuka. Hasara hiyo duka langu na lako hayailipi.

PIMA pH KABLA YA KLORINI

Nilinunua kiboksi cha kupimia, kile cha matone kinachobadilisha rangi. Hiki ndicho kitu nilichotakiwa kununua siku ya kwanza. pH ilisoma juu ya 8. Inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.6 unapotaka klorini ifanye kazi vizuri, kwa sababu pH ikipanda sana sehemu kubwa ya nguvu ya klorini inalala. Ipo majini lakini haiui.

Ya kushusha pH ni asidi. Unavaa glavu na miwani, unasimama upepo unakotokea, unaimimina kidogo kidogo upande wa kina kirefu pampu ikiwa inazunguka. Siku zote asidi inaifuata maji, maji hayamwagwi kwenye asidi. Baada ya saa chache unapima tena. Mimi nilirudia mara mbili hadi ikasoma 7.4. Na pima pH kabla hujaweka dozi kubwa ya klorini, kwa sababu klorini ikiwa nyingi sana kipimo cha rangi kinaweza kukudanganya.

KLORINI SASA, KWA HESABU NA USIKU

Hii hesabu ndiyo iliyoniokoa. Kipimo 1 cha klorini kwenye kiboksi ni gramu 1 ya klorini kwa kila mita moja ya ujazo. Nikitaka kupandisha vipimo 10 kwenye mita 45, nahitaji gramu 450. Lakini unga wangu ulikuwa wa asilimia 65, maana yake sio wote ni klorini. Gawa 450 kwa 0.65, unapata karibu gramu 700.

Maji yalikuwa kijani kizito, mzee akaniambia nianze na mara mbili. Kilo 1.4.

Nikasubiri jua lizame. Jua linaimaliza klorini haraka, ndiyo maana ile ya saa saba mchana ilikuwa zawadi kwa mawingu. Nikachota maji ya bwawa kwenye ndoo ya plastiki, nikaongeza unga kidogo kidogo, nikakoroga, nikamimina kuzunguka bwawa lote. Unga unaifuata maji, kama asidi. Halafu tukasugua kuta na sakafu kwa brashi ya mpini mrefu, maana mwani ulioshika ukutani una utelezi unaoukinga na dawa. Pampu ikalala inazunguka.

Asubuhi nikapima klorini: sifuri. Nikashtuka, nikampigia mzee. Akacheka. "Imekula na imeliwa. Rudia."

Usiku wa pili kilo 1.4. Wa tatu kilo 1.4. Asubuhi ya siku hiyo maji yakawa yameacha ukijani, yamegeuka kijivu kama maji ya kuoshea mchele. Usiku wa nne gramu 700. Jumla kilo 4.9.

Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapoishia njiani. Wanaweka dozi moja, wanaona bado kijani, wanasema dawa feki. Mwani unakufa ukiibana klorini isishuke usiku hadi usiku. Ukiacha siku mbili katikati, unaanza upya na hela mpya.

Na usichanganye mbinu za watu. Kwenye Olimpiki ya Rio, Agosti 2016, bwawa la kupiga mbizi liligeuka kijani mbele ya dunia nzima. Waandaaji walieleza kwamba lita 80 za hidrojeni peroksaidi zilikuwa zimewekwa majini, na dawa hiyo iliondoa nguvu ya klorini. Dawa mbili nzuri, zikikutana vibaya, zinafutana. Na hao walikuwa na bajeti ya Olimpiki.

KUTOKA KIJIVU HADI KUONA CHINI

Ule ukijivu ni mwani uliokufa, mdogo mno hata mchanga wa filta unaupitisha. Ukiwa na muda, iache pampu izunguke na uoshe filta, utaisha wenyewe. Mimi siku zilikuwa zinakimbia. Nikatumia shabu, hii hii bibi zetu waliyokuwa wanaweka kwenye mtungi wa maji ya tope. Unafuata kipimo cha kwenye pakiti, unazungusha kidogo, unazima pampu usiku kucha. Asubuhi uchafu wote umelala chini kama zulia.

Kisha unaunyonya taratibu kwa bomba, na mkono wa filta unauweka pa kutoa maji nje moja kwa moja, yasipite kwenye mchanga. Ukienda haraka unalitimua zulia na unasubiri tena. Maji yalishuka kama sentimita 10, ambayo kwa bwawa lile ni lita 3,200 za kurudishia. Shabu inashusha pH, kwa hiyo nikapima tena.

Utajuaje umemaliza? Macho yanadanganya. Pima klorini jua likishazama, pima tena asubuhi kabla halijachomoza. Usiku hakuna jua la kuila. Ikiwa imeshuka zaidi ya kipimo 1, bado kuna kitu hai humo kinaikula. Ikiwa imeshuka chini ya hapo, umeshinda. Mimi usiku ilisoma 5, asubuhi 5 kasoro kidogo.

Siku ya 12 mama akaja ukingoni. Nikatoa sarafu ya shilingi 200 mfukoni nikaitupa upande wenye kina kirefu. Ikashuka, ikatulia chini, tukawa tunaiona wote wawili. Mama hakusema kitu kwa muda, halafu akasema, "Mume wangu ndiye aliyevichagua hivyo vigae." Marehemu mumewe. Mimi nilikuwa nawaza salio la 150,000. Nikanyamaza.

KILICHONITISHA KULIKO BWAWA

Siku ya asidi niliagiza mzigo kwa boda. Muuzaji akapanga asidi na klorini kwenye boksi moja, na mimi nikaona sawa tu. Boda akanipigia akiwa njiani: "Dada, mzigo wako unaniwasha macho." Nikamwambia asimame, asogee mbali, aache boksi wazi kwenye upepo. Nilipofika nikakuta kifuniko cha asidi kimelegea, chini ya boksi pameloana, na mfuko wa klorini umebakiza kama upana wa kidole kufikiwa.

Asidi ikigusa klorini inatoa gesi ya klorini, ile iliyotumika kama silaha kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Yule kijana ana mke na mtoto. Ningemwambia nini mama yake?

Kwa hiyo, wewe unayeuza vitu vya usafi vya aina yoyote: asidi na klorini zisikae rafu moja, zisisafiri boksi moja, zisipimiwe kwa kikombe kimoja. Klorini ya unga isichanganywe hata na vidonge vya klorini vya aina nyingine, inaweza kuwaka moto. Iache kwenye chombo chake chenye maelezo, usiihamishie kwenye chupa ya soda. Na kama unataka biashara ya kemikali iwe ya kudumu, uliza kwanza Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuhusu usajili. Kuna sheria ya kemikali tangu 2003, na "sikujua" haisaidii.

HESABU YANGU, BILA KUFICHA

Malipo: 300,000.

Klorini iliyopotea siku ya kwanza: 20,000
Klorini iliyofanya kazi: 50,000
Kiboksi cha kupimia: 35,000
Asidi na shabu: 15,000
Brashi na wavu: 45,000
Kijana wa kusaidia: 40,000
Nauli na boda: 30,000
Mchango wangu wa umeme: 24,000

Jumla 259,000. Nilibaki na 41,000 kwa siku 12.

Huo mstari wa umeme ndio ulioniuma. Pampu ya hosi pawa 1 ikizunguka usiku na mchana inakula kama uniti 18 hadi 25 kwa siku. Mimi sikuwaza hilo kabisa. Siku ya tano mama akanionyesha LUKU: "Mwanangu, umeme wangu umeenda wapi?" Hatukuwa tumekubaliana nani analipa, kwa hiyo tukagawana nusu kwa nusu, na alikuwa na haki kunidai hata zaidi.

Ningekuwa nimeenda kuliona bwawa kabla ya kutaja bei, nikapima, nikauliza kuhusu pampu, maji na umeme, ningetaja 450,000 na sababu zake zote. Au angekataa, na bado ningekuwa salama.

NINACHOFANYA SASA

Mteja akiuliza kitu nisichokijua, nasema: "Hicho sijawahi kukifanya mama, nipe hadi kesho jioni niulize." Nilidhani nitapoteza wateja. Wengi wanasubiri.

Kianzio cha mtu nakiweka kwenye namba tofauti na ya duka. Sikigusi kwa mzigo mwingine hadi kazi yake iwe imenunuliwa vifaa vyote. Ile 60,000 ya ndoo ilinifanya nikope kwa dada yangu ili ninunue klorini ya pili, na huyo mama hajui hadi leo.

Na mteja akiagiza klorini ya bwawa, kabla sijamtajia bei namuuliza: urefu, upana na kina? Pampu inazunguka? Umepima pH? Unaona chini? Kuna watoto nyumbani? Wengine wanakereka, "dada, we niuzie tu." Asiyejua ukubwa wa bwawa lake namwelekeza apime na futi kamba, anirudie. Siku nyingine anaishia kununua nusu ya alichotaka. Nauza kidogo siku hiyo, lakini harudi kuniambia dawa yangu feki.

Yule mama sasa naenda kwake kila Jumamosi asubuhi. Napima, nasugua, naiweka klorini kati ya 1 na 3, pH kati ya 7.2 na 7.8, naosha kikapu cha majani. Saa moja na nusu nimemaliza. Tumeandikiana kwenye karatasi nani analipa nini, na umeme upo mstari wa kwanza.